Tiketi za tamasha: kujiunga na klabu ya mashabiki ili kupata mauzo ya awali, au kusubiri mauzo ya wazi?

Mama Rehema (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa wale waliokwisha kununua tiketi za matamasha makubwa huku Marekani au Ulaya, maana nimesoma maelezo mengi na bado sijaweza kuamua.

Binti yangu mkubwa atatimiza miaka 16 mwakani. Tangu tulipohamia Columbus hajaniomba jambo kubwa isipokuwa hili moja: kuliona kwa macho yake kundi la muziki la Korea ya Kusini ambalo nyimbo zake amekuwa akizisikiliza tangu darasa la tano, na ambalo kwa ajili yake amejifundisha kusoma maandishi ya Kikorea peke yake. Kundi hilo linatarajiwa kutangaza ziara ya Amerika ya Kaskazini, na mji wa karibu nasi ambao makundi ya aina hiyo hupita ni Chicago, mwendo wa saa sita kwa gari. Tutakuwa watu wanne, yaani mimi, binti zangu wawili na mtoto wa wifi yangu, na umri wa watoto hao hauniruhusu kuwaacha wakae mbali nami katika uwanja wenye makumi ya maelfu ya watu.

Njia ninazoziona ni mbili. Ya kwanza ni kujiunga na klabu rasmi ya mashabiki kwa ada ya dola 25 kwa mwaka, ili nipate haki ya kuingia katika mauzo ya awali, ambayo hufanyika siku mbili au tatu kabla umma haujafunguliwa mlango. Ya pili ni kusubiri mauzo ya wazi, ambayo hayadai ada yoyote ya uanachama. Mwaka jana niliifuata njia hii ya pili kwa ajili ya mwimbaji mwingine. Niliingia katika foleni ya mtandaoni dakika kumi kabla ya saa, nikajikuta nyuma ya watu zaidi ya 40,000, na zamu yangu ilipofika, kila kiti nilichokigusa kwenye ramani ya ukumbi kilikuwa kimechukuliwa na mtu mwingine kabla sijamaliza kulipa. Nilikaa saa tatu mbele ya kompyuta na kuondoka mikono mitupu.

Maswali yangu ni haya. Je, tiketi za mauzo ya awali ni bora au ni nafuu kuliko zile za mauzo ya wazi? Je, ni lazima kila mmoja wetu awe mwanachama? Na nikikosa katika mauzo ya awali, nitakuwa nimejifungia pia mlango wa mauzo ya wazi?

Mkongwe wa Seattle

Mama Rehema, karibu sana. Mimi nimekuwa mwanachama wa Ten Club, klabu ya mashabiki ya kundi la roki la Pearl Jam, kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitasema ninachokijua kutokana na klabu hiyo, kisha utalinganisha na ya kundi analolipenda binti yako.

Kwanza nataka kukuuliza swali ambalo wewe hukuliuliza: klabu hiyo inahesabu uanachama kuanzia siku gani? Katika klabu yetu, wanaoruhusiwa kuomba tiketi za ziara ni wale ambao uanachama wao ulikuwa hai siku ziara ilipotangazwa. Anayelipa ada baada ya kusikia tangazo hupokewa kwa mikono miwili, lakini tiketi za ziara hiyo hatazigusa. Umesema ziara bado haijatangazwa. Basi muda ulio nao sasa una thamani kuliko hizo dola 25, na ningekuomba usome masharti ya klabu leo, wala usingoje mwisho wa wiki.

Pili, uelewe kwamba jina «mauzo ya awali» linabeba mambo mawili yasiyofanana. Klabu yetu haifungui foleni ya kukimbizana. Mwanachama huomba tiketi katika kipindi cha siku kadhaa, anaweza kuomba saa nane za usiku au saa sita mchana bila kupata wala kupoteza kitu, kisha bahati nasibu huamua nani apate. Viti navyo hupangwa kwa kufuata ukongwe, kiasi kwamba mtu aliyejiunga mwaka 1993 hukaa mbele ya aliyejiunga mwaka 2015. Kila mwanachama hupewa tiketi mbili tu kwa onyesho moja, basi. Kwa familia ya watu wanne kama yako, sharti kama hilo lingekuwa kikwazo kikubwa, kwa sababu wanachama wawili wenye ukongwe tofauti wangepewa viti sehemu tofauti za ukumbi.

Klabu nyingine hazina utaratibu huo hata kidogo. Zinamuuzia mtu msimbo wa herufi na tarakimu, na msimbo huo unamfungulia foleni iliyo sawasawa na ile uliyokaa mwaka jana, tofauti ikiwa tu kwamba ina watu wachache zaidi. Hapo ndipo yalipotokea yaliyowapata mashabiki wa U2 mwanzoni mwa mwaka 2005. Walilipa dola 40 kujiunga na tovuti ya kundi hilo wakitarajia tiketi nzuri za ziara ya Vertigo. Walanguzi nao walilipa dola 40 zao, kwa kuwa kwa mlanguzi hiyo si gharama ya kumzuia, na mashabiki wa miaka mingi wakakosa tiketi au wakapata viti vya nyuma kabisa. Malalamiko yalikuwa mengi hata mpiga ngoma wao, Larry Mullen, akawaomba mashabiki radhi hadharani kwenye jukwaa la tuzo za Grammy mwezi Februari mwaka huo.

Kwa hiyo mimi sitakuambia jiunge au usijiunge. Nitakuambia uangalie kama klabu hiyo ina njia yoyote ya kumtofautisha binti yako, aliyejifundisha Kikorea peke yake, na mtu aliyelipa ada jana ili auze tiketi kesho. Kama ina njia hiyo, jiunge kwa moyo mmoja.

Karani wa Zamani

Dada, nilifanya kazi miaka tisa katika ofisi ya tiketi ya ukumbi mmoja wa michezo na muziki katika majimbo ya kati ya Marekani, na swali lako la kwanza ndilo watu waliloniuliza dirishani kuliko yote. Jibu linahitaji nieleze jinsi viti vinavyogawanywa kabla mtu yeyote hajauziwa, kwa maana mnunuzi huona ramani moja kwenye kioo cha simu, ilhali nyuma ya ramani hiyo kuna mafungu mengi.

Onyesho linapopangwa, viti vya ukumbi hukatwa mafungu. Kuna fungu la msanii na wageni wake, fungu la promota, yaani mwandaaji wa tamasha, fungu la ukumbi wenyewe na wadhamini wake, fungu la klabu ya mashabiki, fungu la wenye kadi za benki fulani, na mwisho fungu la umma. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York alichunguza jambo hili na kutoa ripoti mwezi Januari 2016. Katika matamasha makubwa yaliyochunguzwa, kwa wastani asilimia 16 ya tiketi zilikuwa zimewekwa kando kwa ajili ya watu wa ndani, asilimia 38 ziliuzwa katika mauzo ya awali ya aina mbalimbali, na umma ulibakiwa na asilimia 46. Tafadhali usizisome takwimu hizo kana kwamba asilimia 38 ni za mashabiki. Sehemu kubwa ya mauzo ya awali ni ya wenye kadi za benki na ya wadhamini, na klabu ya mashabiki mara nyingi hupata fungu dogo.

Sasa bei. Kiti hicho hicho kwa kawaida huwa na bei ile ile iliyopangwa, iwe umekinunua kwa msimbo au bila msimbo. Tozo za huduma nazo hazipungui kwa sababu wewe ni mwanachama. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilikuta mwaka 2018 kwamba tozo kwa tiketi zinazonunuliwa kwa muuzaji rasmi, si kwa anayeziuza tena, zilifikia wastani wa asilimia 27 ya bei ya tiketi, kwa hiyo kiti cha dola 100 ulikuwa unakilipia kama 127. Jambo jema ni kwamba tangu tarehe 12 Mei 2025 sheria za Marekani zinawataka wauzaji waonyeshe bei kamili, tozo zikiwamo, tangu mwanzo, hivyo hutashtushwa tena kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo. Msomaji asije akafikiri kuwa tozo hizo ni kitu kisichoweza kubishiwa: mwaka 2023 kundi la The Cure lilipanga tiketi za bei ya chini kabisa, nyingine dola 20, kisha mashabiki wakakuta tozo zinazidi bei ya tiketi yenyewe. Mwimbaji wao Robert Smith alilipinga jambo hilo waziwazi, na Ticketmaster, kampuni iliyokuwa ikiziuza tiketi hizo, ikakubali kurudisha dola 10 kwa kila tiketi ya bei ya chini na dola 5 kwa nyingine.

Kuhusu ubora wa viti, usitarajie kwamba fungu la klabu ni safu za mbele. Mara nyingi limetawanywa: viti vichache chini karibu na jukwaa, vingine katikati, vingine juu. Safu za mbele kabisa siku hizi huuzwa kwa vifurushi vya bei kubwa. Nimewaona watu wakilia dirishani kwa sababu waliipokea tiketi ya klabu wakidhani wataweza kumshika msanii mkono.

Faida halisi ya mauzo ya awali basi ni idadi ya watu mnaogombania. Kwa kundi linalopendwa kupita kiasi, faida hiyo inaweza kuwa ndiyo kila kitu, kwani fungu la umma linaweza lisiwepo kabisa. BTS, kundi la Korea ya Kusini, walipofanya maonyesho manne katika uwanja wa SoFi karibu na Los Angeles mwishoni mwa mwaka 2021, wanachama wa klabu yao waliuziwa kwanza, na mauzo ya wazi yakafutwa kwa kuwa hakikubaki kitu cha kuuza. Mwaka mmoja baadaye likatokea la Taylor Swift. Watu milioni 3.5 walijiandikisha kwa mauzo ya awali ya ziara yake ya Eras, ambayo hayakuwa ya klabu ya kulipia bali ya kujiandikisha bure. Kama milioni 1.5 walipewa msimbo, waliobaki wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri, na tarehe 15 Novemba 2022 ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 2 kwa siku moja huku mitambo ikielemewa. Mauzo ya wazi yaliyokuwa yafanyike tarehe 18 yalifutwa siku moja kabla. Aliyeamua kusubiri mauzo ya wazi hakuwa na siku ya kuingia foleni.

Swali lako la pili: mara nyingi mwanachama mmoja anaruhusiwa kununua tiketi nne, lakini soma masharti, kama alivyosema Mzee wa Seattle, kwa sababu wengine huruhusu mbili. La tatu: hapana, kukosa katika mauzo ya awali hakukufungii mlango wa mauzo ya wazi. Kinachoweza kukubana ni kikomo cha tiketi kwa mtu mmoja, ambacho wakati mwingine huhesabiwa kwa kujumlisha mauzo yote. Ukinunua mbili kwanza kwa pupa, unaweza kujikuta umebaki na mbili tu, na hizo mbili zikawa upande wa pili wa uwanja.

Mpwani wa London

Nimewasoma kwa makini, na kwa heshima zote naomba nitofautiane nanyi, kwa sababu naona wote wawili mmemwelekeza mama huyu upande mmoja.

Mimi sijiungi na klabu ili nipate ruhusa ya kununua. Nimeishi London miaka kumi na minne, nimehudhuria matamasha mengi, na karibu yote niliyapata kwa mauzo ya wazi au kwa tiketi zilizotolewa katika wiki ya mwisho. Ndugu Karani anajua vizuri kuliko mimi kwamba kuna viti vinavyozuiliwa hadi jukwaa lijengwe, kwa vile mafundi hawajui spika na minara ya taa itaziba macho ya nani. Jukwaa likishakaa mahali pake, viti visivyozibwa hurudishwa sokoni, siku mbili tatu kabla ya onyesho au hata asubuhi ya siku yenyewe, kwa bei ile ile ya awali. Fungu la wageni wa msanii nalo hurudi sehemu yake kama wageni hawakulichukua. Nimekaa safu ya kumi na mbili katika ukumbi wa O2 kwa tiketi niliyoinunua saa tisa alasiri ya siku ya onyesho, wakati watu waliolipia klabu miezi tisa nyuma walikuwa juu yangu ghorofa ya pili. Sheria ya kwanza ya soko lolote ni kutokuwa na haraka, na mauzo ya awali yamejengwa juu ya haraka ya mnunuzi.

Linaloniumiza zaidi ni la haki. Mtoto ambaye mzazi wake hana dola 25, au hana kadi ya benki fulani, au hakujua kwamba klabu ipo, anakuta zaidi ya nusu ya ukumbi imekwisha kuondoka kabla ya siku aliyoambiwa kuwa ni yake. Ada ya klabu ingekuwa ya gazeti, nyimbo na mikutano ya wanachama nisingekuwa na neno. Inapokuwa ada ya kupewa nafasi ya kujaribu, na wala si tiketi yenyewe, mimi nasema hapana.

Hata hivyo ni lazima nikiri hatari moja ya upande wangu, nayo ni bei. Oasis walipotangaza kurudiana mwezi Agosti 2024, kulikuwa na mauzo ya awali ya bahati nasibu tarehe 30, ambapo aliyejiandikisha aliulizwa jina la mpiga ngoma wa kwanza wa kundi, halafu mauzo ya wazi tarehe 31. Siku hiyo ya wazi watu walisubiri saa nyingi kwa tiketi ya kusimama waliyoijua kuwa ni kama pauni 148, na walipofika mbele wakaikuta ni pauni 355. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza ilifungua uchunguzi mwezi uliofuata. Ilichobaini ni muhimu kwa kila mnunuzi: haikuona ushahidi kwamba kompyuta ilikuwa ikipandisha bei dakika kwa dakika. Tiketi zile zile za kusimama zilikuwa na madaraja mawili ya bei, na daraja la chini lilipokwisha, waliokuwa nyuma ya foleni wakabakiwa na la juu bila kuelezwa mapema. Mwezi Septemba 2025 Ticketmaster iliahidi mbele ya mamlaka hiyo kwamba itawatangazia wanunuzi saa 24 kabla kama kutakuwa na madaraja ya namna hiyo. Kwa hiyo Mama Rehema, ukienda mauzo ya wazi, andika kwenye karatasi bei ya juu kabisa utakayoilipa, na ikivuka hapo funga kompyuta.

Mama Rehema (Columbus, Ohio)

Nawashukuru sana, na wewe wa London nakushukuru kwa kunipinga, kwani hoja ya haki imenigusa. Nilipokuwa na umri wa binti yangu, kule Morogoro, tamasha lilikuwa ni kusimama langoni na pesa mkononi, na mwenye pesa ya kiingilio aliingia.

Lakini naomba mnifikirie na hali yangu. Siwezi kungoja wiki ya mwisho. Ni mwendo wa saa sita, nahitaji kuomba likizo kazini mwezi mmoja kabla, na nahitaji kukodi chumba cha kulala. Nikifika Chicago na watoto watatu kisha tiketi zisirudi sokoni, nitawaambia nini? Na je, hizo tiketi zinazorudishwa siku ya mwisho hupatikana nne zikiwa pamoja?

Karani wa Zamani

Dada, kwa nadra sana. Ndugu wa London amesema kweli tupu kuhusu viti vinavyorudishwa, nami nimeviuza kwa mkono wangu mwenyewe asubuhi ya onyesho, lakini vilikuwa vikitoka kimoja kimoja na viwili viwili. Sikumbuki zaidi ya mara tatu katika miaka tisa ambapo vinne vilivyoshikana vilirudi kwa tamasha lililokuwa limejaa. Njia yake inamfaa mtu anayeishi mwendo wa treni kutoka ukumbini, anayekwenda peke yake au na mwenzake mmoja, na ambaye akikosa atarudi nyumbani kula chakula cha jioni. Wewe una tarehe moja, viti vinne na safari, na hayo matatu ndiyo yanayokuamulia. Lipa ada, uingie mauzo ya awali, na mauzo ya wazi uyaweke kuwa akiba yako.

Kama ungekuwa unaishi Chicago na kundi likapanga usiku tatu au nne katika uwanja wa watu 50,000, ningekushauri vingine. Ziara za viwanjani huongezewa usiku pale mauzo yanapokwenda vizuri, na usiku ulioongezwa huwa na ugombaniaji mdogo kuliko ule wa kwanza, kwa sababu wenye pupa wameshatosheka.

Sasa mambo ya siku yenyewe, ambayo huwaangusha wengi kuliko foleni. Akaunti ya klabu na akaunti ya tiketi ziwe na barua pepe moja na jina moja, kwa kuwa klabu nyingi huoanisha namba ya mwanachama na akaunti ya mnunuzi, na zisipolingana unarudishwa mlangoni. Klabu nyingi hudai pia hatua ya pili: mwanachama ajiandikishe rasmi kwa mauzo ya ziara hiyo katika siku chache zilizotangazwa. Kuna waliolipa ada, wakadhani imetosha, wakaja kulalamika dirishani kwangu wakati hakuna nililoweza kuwafanyia. Kadi ya benki ihifadhiwe kwenye akaunti mapema, na benki yako iarifiwe kwamba kutakuwa na malipo makubwa, isije ikayazuia kwa kukushuku. Chagueni mapema sehemu tatu za uwanja mnazoziridhia pamoja na bei ya juu ya kila moja, ili zamu ikifika usianze kujadiliana na watoto. Mfumo ukikupa viti vinne pamoja katika sehemu yoyote kati ya hizo tatu, vichukue palepale. Niliona watu wakivirudisha viti vizuri ili watafute vizuri zaidi, na vile vya kwanza hawakuviona tena.

Mkongwe wa Seattle

Naunga mkono, na naongeza moja kwa ndugu yangu wa London, kwa sababu hoja yake isiachwe ipite. Ni kweli kwamba ada inamwacha nje asiye nayo. Lakini mauzo ya wazi nayo hayakuwahi kuwa ya wazi kama jina lake. Ripoti ile ile ya New York aliyoitaja Ndugu Karani ilimtaja mlanguzi mmoja aliyenunua tiketi 1,012 za onyesho moja la U2 katika ukumbi wa Madison Square Garden kwa dakika moja, kwa kutumia programu za roboti, ingawa kikomo kilichotangazwa kilikuwa tiketi nne kwa mtu. Mwishoni mwa mwaka 2016 Marekani ilitunga sheria ya kuzipiga marufuku roboti hizo, na bado walanguzi hawajatoweka. Mtoto asiye na dola 25 aliporwa na hao kwanza. Klabu inayopanga kwa ukongwe na kwa bahati nasibu, yenye tiketi zisizohamishika kwa mtu mwingine, imemlinda shabiki kuliko mlango wowote wa umma nilioujua tangu nianze kupenda muziki.

Mpwani wa London

Nakubali kuhusu klabu inayopanga kwa ukongwe, Mzee wangu, na kama zote zingekuwa kama yako nisingeandika nilichoandika. Kwa Mama Rehema naondoa pingamizi: viti vinne vya pamoja ni sababu ya kutosha. Ila ukikosa, nakuomba usikimbilie tovuti za kuuza tena usiku huo huo. Bei huko huwa juu mno katika siku za kwanza, kila mtu akiwa na hofu, na mara nyingi hushuka kadiri siku ya onyesho inavyokaribia.

Mama Rehema (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, nimeyafanyia kazi jana usiku. Nilisoma masharti ya klabu pamoja na binti yangu, yeye akinifafanulia yale nisiyoyaelewa. Mwanachama mmoja anaruhusiwa tiketi nne, na uanachama ni lazima uwe umelipiwa kabla ya siku ya kufungwa kwa uandikishaji wa ziara, hivyo bado tumo ndani ya muda. Tulikuwa tumekaribia kukosea jambo moja: alitaka uanachama uwe kwa jina lake na barua pepe yake, na akaunti ya tiketi yenye kadi ya benki ni yangu. Kwa maneno ya Ndugu Karani tumeandikisha vyote viwili kwa jina langu. Alinyamaza kidogo kwa sababu kadi ya uanachama haitakuwa na jina lake, kisha akasema afadhali jina langu na kiti chake.

Ada nimelipa. Bei yetu ya juu ni dola 180 kwa kiti, tozo zikiwamo, na imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta. Pembeni yake Rehema ameuchora uwanja kwa penseli na kuzipaka rangi sehemu tatu, namba moja hadi tatu, na mdogo wake ameapa kwamba zamu ikifika hatasema neno.